Mama Mdogo wa Idd Pili

Khanga mpya ambayo haijaingia maji ina harufu yake, kavu, ya dawa ya kiwandani, inakwaruza puani. Juzi wajukuu zangu walimwaga khanga za sare kitandani kwangu, wanapanga kwenda ziwani Idd pili, na harufu ile ikanipiga usoni. Nikawaambia zipelekeni kwenye kamba huko, zipigwe upepo. Wakasema bibi mkali. Mkali ndiyo. Wao hawana muda wa kunisikiliza, wana simu. Nitawaambia ninyi.

Nilikuwa darasa la pili, na darasa lenyewe sikulimaliza. Tulikaa Ujiji. Ndio mwaka watu walianza kuvuka ziwa kwa wingi kutoka Burundi, wanakimbia kuuawa. Mitumbwi inafika imejaa wanawake wasio na hata kifurushi. Wakifika wanakusanywa, wanapakiwa malori kwenda makambini, mbali huko bara, na ukitaka kumtafuta ndugu yako hujui uanzie wapi.

Mama yangu alizaliwa ng'ambo hiyo, Rumonge, akaolewa Ujiji. Mdogo wake, mama yangu mdogo Zaina, alibaki kule. Mume wa Zaina alichukuliwa, hakurudi. Baba alikuwa akiwauzia mawese watu wa mitumbwi, na mmoja wao akamletea habari: Zaina amejificha kwenye matete, ataletwa Idd pili, mchana, kwenye mchanga ukishapita mwalo wa Kibirizi.

Ndipo Mama akapanga matembezi. Siku hiyo ufuko hujaa familia zilizovaa sare, na askari hana wa kumtilia shaka. Zaina angevishwa khanga kama zetu, arudi Ujiji katikati yetu kama mtu aliyetoka nasi nyumbani. Akigunduliwa hapo, basi ni lori la kambini. Hayo nimeyajua baadaye. Wakati ule nilijua matembezi tu, na kwamba mama mdogo tutamkuta huko.

Nilifurahi kama mwendawazimu. Ziwani sisi tulikwenda kuchota maji na kusugua masufuria, siyo kutembea. Lakini nyumba haikuwa na furaha. Mama alikaanga samaki, migebuka, amekaza taya. Baba, mtu wa mizaha, alitoka kila mara kulitazama ziwa, anarudi, anatoka tena. Mama akanikalisha chini akanifundisha: "Ukimwona mama mdogo, kimbia, mrukie, piga kelele kama unavyotupigia hapa. Ila usimuulize neno." Nikajizoeza uani kwa kumrukia dada yangu Asha mpaka akaanguka kwenye majivu.

Jirani yetu alikuwa Bi Hadija. Mumewe ndiye balozi wa nyumba kumi, kila mgeni mtaani lazima aripotiwe kwake, na Bi Hadija kazi yake ilikuwa kujua kabla ya mumewe. Alitukuta jioni ya Idd mosi tunafunga vyombo.

"Mama Asha, mnakwenda ziwani au mnahama?"

"Watoto wanataka mchanga."

"Ujiji yote mchanga, wewe! Na hiyo doti iliyobaki ya nani? Mzee anaongeza mke?"

"Aongeze kwa mawese yapi?" Mama akacheka kidogo. "Ya mdogo wangu Zaina. Anatoka Uvinza, tutakutana huko huko."

"Mama mdogo si anakaa Rumonge?" nikasema.

Mama alinifinya shingoni nikaona nyota. "Huyu naye, kwake miji yote ni mmoja."

Bi Hadija alinitazama sana. "Watoto," akasema, akaenda zake, na siku ile hata hakuomba chumvi. Baada ya hapo hakuna aliyenisemesha mpaka kesho yake.

Ufukweni watu walikuwa tele. Ngoma, watoto majini, askari wawili wanatafuna mahindi ya kuchoma. Sisi tulitandika mkeka karibu kabisa na maji, na mimi nikakatazwa kuogelea. Jua lilipoanza kulegea ukafika mtumbwi wenye magunia ya ndagala, dagaa wa kwetu. Mwanamke mmoja akashuka nyuma ya wachukuzi, amejitanda kitambaa kilicholowa. Nikainuka nikimbie. Nikasimama. Mama mdogo Zaina nilikuwa namjua, alishawahi kuja kwetu. Huyu hakuwa yeye.

Mama akamwendea kama mtu anayekwenda kuulizia ndagala. Walisema Kirundi, chini chini. Nikamwona Mama anafungua khanga yake kiunoni, anaifunga, anaifungua tena. Baba aliinuka, akakaa. Askari mmoja akageuka kutazama.

Mama akachukua ile doti mpya, akamtanda yule mwanamke, akaja naye amemshika mkono.

"Mbona humrukii mama yako mdogo?" akaniuliza kwa sauti, watu wasikie.

"Siye huyu, Mama."

"Ndiye."

Macho yale ya Mama sitaki kuyaona tena. Nikasogea. "Shikamoo, mama mdogo."

"Amahoro," akajibu mwanamke kwa Kirundi.

"Sema marahaba," Mama akamnong'oneza. Akasema, kwa shida. Nikamrukia, harufu ya khanga mpya ikanikwaruza puani. Alikuwa mwepesi, tukaanguka wote wawili, na yule askari akacheka, akarudia hindi lake.

Mama akapakua. Alikula kuliko sisi wote, anatafuna, anameza, anamchambulia yule mwanamke miba.

Tuliporudi, Bi Hadija alikuwa mlangoni kwake. "Karibu Zaina! Jamani, pua ile ile!"

"Pua ya baba yetu hiyo," Mama akasema.

Mwanamke yule alikaa nasi, akajifunza Kiswahili, akaja kuolewa Mwanga, hapo jirani na Ujiji, na mpaka mwisho aliitika Zaina. Mimi nilidhani Mama hakumpenda sana mdogo wake wa kweli, maana sikumwona akimlilia hata siku moja. Mpaka nilipomzika mdogo wangu mwenyewe ndipo nikaelewa. Pale mchangani aliambiwa mdogo wake amekufa, na aliyemwambia ndiye aliyejificha naye kwenye matete. Sasa angemlilia wapi? Huwezi kuweka matanga ya mtu ambaye jirani anamwona anafua uani kwako.

Huyu Zaina wetu alipofariki, Mama alikuwa mzee wa fimbo. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Aliita Zaina, Zaina, akataja michezo waliyocheza wakiwa watoto Rumonge, mambo ambayo marehemu aliyelala pale ndani hakuyajua. Wanawake wakataka kumnyamazisha, wakasema ataumia. Nikasimama mlangoni, nikawaambia mwacheni.