Mahari ya Mama Kwenye Kasha la Plastiki

Mama yangu aliolewa kwa sarafu moja. Sisemi mfuko wa sarafu, nasema moja, ndogo kuliko kifuniko cha soda. Upande mmoja ina tai, upande wa pili ina tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake milima, na ukimtazama sana utaapa anakuja kukukanyaga. Chini yake kuna herufi T, ya Tabora. Baba alisema ni dhahabu, iliyogongwa hapa hapa kwetu wakati wa vita vya Mjerumani, pesa zilipowaishia wakageuza karakana ya reli kuwa kiwanda cha fedha. Babu yake alisukuma mkokoteni wa makaa humo ndani. Aliipataje, hilo Baba hakulieleza, na mimi nilipokuwa mdogo nilisimulia shuleni kwamba babu alimpiga ngumi gavana akamnyang'anya.

Siku ya harusi, wajomba zangu waliipitisha mkono kwa mkono. Hawa ni watu ambao ukoo wao ulifika Tabora na misafara ya pembe za ndovu, na tangu siku hiyo, kwa maelezo yao, hakuna aliyeshika jembe. Baba yangu alikuwa fundi baiskeli. Mmoja wa wajomba akaigonga sarafu kwenye sinia, akasikiliza, kisha akatangaza kwa sauti iliyofika hadi stesheni ya Igalula: "Jamani, dada yetu anaolewa kwa shaba!" Watu wakacheka, pilau ikaliwa, Mama akapelekwa kwa mumewe na neno hilo sikioni.

Baba alimwambia kitu kimoja tu: "Ni dhahabu. Siku utakayoipeleka kwa sonara, ujue umenitukana." Mama hakuipeleka. Lakini hakumwamini pia. Alikaa naye miaka arobaini na moja akimwita Bwana Shaba. Mwanzoni Baba alikuwa anacheka. Mimi nimekuwa na akili zangu namwona hacheki, anaweka kijiko chini, anatoka kwenda kujaza upepo tairi ambayo haikuhitaji upepo.

Alipokuwa anakata roho aliomba radhi, kama ilivyo desturi, mmoja mmoja. Sisi watoto tukamwambia tumekusamehe, nawe utusamehe. Ikafika zamu ya Mama. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nilisikia kwa masikio yangu haya makubwa.

"Mama watoto, nisamehe."

"Yote nimekusamehe," Mama akasema. "Isipokuwa shaba."

Baba akafumba macho. Hakusema neno tena mpaka adhuhuri, na adhuhuri hakuwepo.

Miaka mitatu baadaye Mama akapata saratani ya koo. Hospitali wakatueleza kwa upole kwamba nyumbani ndipo pazuri zaidi kwake. Dada yangu mkubwa akahamia kumuuguza. Siku moja Mama akaniita, sauti yake imebaki kama karatasi inayokunjwa.

"Wewe si umesoma?"

Nilisoma, ndiyo. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na miaka thelathini na nane, shule ya jioni, nimekaa dawati moja na mwanafunzi aliyekuwa ananiita babu. Kiingereza changu kinatosha kugombana na mtu kwa barua.

"Nataka kujua kabla sijaondoka," akasema. "Kama ni shaba, nikikutana naye nitamsamehe, yaishe. Kama ni dhahabu..." Akakohoa, au alijifanya anakohoa.

"Si twende kwa sonara tu, Mama? Hapa mjini wapo."

"Masonara wa hapa wote baba zao walikula pilau yangu. Nani atasema kweli? Tena kesho mji mzima unajua. Nitafutie mtu asiyetujua."

Ndivyo nilivyoingia kwenye mambo ya watu wanaopima sarafu. Sikujua kama dunia ina kazi hiyo. Unawapelekea sarafu, wanaitazama kwa mashine na kwa macho, wanasema ni halisi au ya bandia, wanaipa daraja kama mtihani wa taifa, halafu wanaifungia kwenye kasha la plastiki gumu lenye karatasi ya maelezo. Isiguswe tena na mkono wa binadamu. Nilisoma masharti yao kwenye simu mpaka betri ikaomba dua. Yalikuwa marefu kuliko reli ya kati na matawi yake.

Mwisho nikabaki na wawili. Wa kwanza alikuwa bwana mmoja wa Dar es Salaam. Makasha yake yanang'aa, yana stika ya kumeremeta, na kazi yake ni siku tatu. Nilimpigia.

"Karibu sana, kiongozi. Sarafu ya tembo? Naijua hiyo. Unataka tuiandike nini?"

"Si wewe ndiye utakayeniambia ni nini?"

"Mzee wangu, mteja ni mfalme. Ukitaka dhahabu daraja la juu, naandika. Ukitaka la kati watu wasishtuke, naandika. Sema wewe tu."

Wa pili walikuwa kampuni ya ng'ambo, mbali huko kwenye baridi. Wanachukua wiki nyingi, na fomu yao inauliza kila kitu isipokuwa ukubwa wa kiatu. Nikawaandikia swali moja: ikiwa ni ya bandia, mtaniambia? Wakajibu mistari miwili. Ikiwa ya bandia hatuifungi kwenye kasha, tunairudisha ilivyo na barua ya kueleza, na gharama haturudishi. Nilicheka peke yangu. Mtu anayekula pesa yako kisha anakupa habari mbaya bila kupepesa, huyo ndiye nilikuwa namtafuta.

Nilimweleza Mama wote wawili. Nilimwambia pia kwamba wale wa ng'ambo watachelewa, na wote chumbani tulijua kuchelewa maana yake nini.

"Peleka kwa wasiouliza tunataka nini," akasema. "Nitasubiri."

Nikazungushwa ofisi nne kutafuta vibali vya kuitoa sarafu nchini. Asubuhi ya safari naingia kuchukua sarafu, namkuta Mama amekalishwa kwenye mkeka, mbele yake bakuli la majivu na ukwaju, anasugua. Anasugua kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo.

"Mama! Acha! Wamekataza kabisa kusafisha!"

"Niipeleke mahari yangu mbele za watu na uchafu?"

Dada akanitazama. "Unashangaa nini? Kila Shaabani akisugua masinia ya Ramadhani, na hiyo anaisugua. Miaka yote. Hiyo ndiyo ya mwisho kila mara, na ndiyo anayokawia nayo."

Nilipanda treni ya Dar na sarafu imeshonewa kwenye pindo la suruali. Stesheni ya Tura nilishuka kunyoosha miguu nikarudi mbio kama nimefukuzwa na simba, kisa mtu amenigusa begani akiniuzia asali. Dar nikaikabidhi kwa watu wa vifurushi, nikarudi, tukaanza kusubiri. Mama alipungua mpaka tukawa tunamgeuza kwa mkono mmoja. Kila nikiingia aliuliza kwa macho. Nami nilitania: bado wanamlisha tembo, bado wanampima urefu wa mkonga. Alikuwa anatabasamu kwa ajili yangu, nilijua.

Majibu yalikuja kwenye simu, Jumanne baada ya chai, na picha: tembo wetu ndani ya plastiki, amelala kama maiti aliyekwisha kuvishwa sanda. Nilisoma mara sita. Kisha nikaingia chumbani, dada akiwa anamlowesha Mama midomo kwa pamba.

"Mama, ni halisi. Ni dhahabu. Imegongwa hapa Tabora wakati ule ule aliosema Baba."

Hakushangilia. "Na nini tena wameandika?"

"Basi, Mama, ni hivyo tu."

"Wewe soma."

Nikasoma. Kwamba hawakuipa daraja, kwa sababu uso wake umeharibiwa kwa kusuguliwa. Kwamba mikwaruzo imepita mara nyingi mahali pamoja, kwenye ubavu wa tembo, na pale tembo amekwisha kulainika.

"Nilikuwa natafuta," Mama akasema.

"Unatafuta nini?"

"Rangi ya chini. Kila mwaka nilisema mwaka huu itachubuka, nitaiona shaba, nitamwonyesha." Akahema. "Haikuchubuka. Nikasema sijasugua sawasawa."

Dada akaacha pamba ikaanguka kitandani.

"Niitie kaka yangu," akasema Mama.

Mjomba aliyebaki hai ni mmoja, yule yule aliyeigonga sarafu kwenye sinia. Alikuja alasiri kwa bajaji, kanzu imepigwa pasi, anasikia kwa shida. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi kwenye kigoda karibu na mdomo wa dada yake. Nikampa simu aione picha. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Ni dhahabu," nikamwambia kwa sauti kubwa. "Wameipima wataalamu."

"Alhamdulillahi! Kwani nani alisema siyo?"

"Wewe," Mama akasema. Ilibidi nirudie mimi ili asikie. "Anasema wewe, Mjomba. Siku ya harusi."

Mjomba akakunja uso, akatafuta huko mbali alikokuwa kijana, kisha uso ukafunguka na akacheka, kicheko kizuri cha mzee aliyekumbuka jambo tamu.

"Ah, ile! Ile ilikuwa ya harusini, dada yangu! Upande wa mke ni lazima muwachokoze wa mume, la sivyo harusi inapoa. Bwana harusi wa ndugu yetu aliyeolewa kabla yako tulisema mbuzi wake wana mafua. Mimi shaba na dhahabu nitazijulia wapi? Niligonga tu watu wacheke."

Nilimwangalia Mama. Alikuwa anamtazama kaka yake kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Hukujua," akasema.

"Anasema hukujua," nikapokea.

"Sikujua lolote! Tulikuwa tunafurahi tu. Na mumeo alicheka vizuri sana siku ile, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa watu."

Mama akamwomba dada amgeuze upande wa ukutani. Mjomba alikaa bado, akamalizia chai yake, akamwombea dua ndefu, akasema picha ile nimtumie mjukuu wake aioneshe watu. Nikamsindikiza hadi kwenye bajaji. Niliporudi Mama alikuwa hivyo hivyo, amelaza kiganja kwenye ukuta, na dada akanipungia mkono nisiseme kitu.

Aliishi siku kumi na moja zaidi. Aliomba maji, aliomba asomewe Yasini, mara moja aliuliza kama kuku wamelishwa. Sarafu ilikuwa bado njiani kurudi, na kifurushi chake hakukiulizia tena.