Meza ya Kukatia Kabeji

Tangu ziwa lipande na kumeza nyumba za mtaa wa Kihoto, yake ikiwemo, Rahab alikuwa amesikia maneno mengi, lakini lile la "watoto wa maji" ndilo lililomkwama kooni. Walimu wa shule iliyowapokea watoto wa Kihoto walilianza kwa mzaha, wazazi wa zamani wakalidaka, na kabla ya muhula kwisha watoto wenyewe walikuwa wakiitana hivyo kwenye foleni ya githeri.

Githeri hiyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, aliipakua yeye. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi iliyo juu ya barabara, mahali ambapo maji hayakufika, na binti yake Shiru alikuwa Gredi ya Sita hapo hapo. Kabla ya Kihoto alikuwa na shamba kule Bahati. Mumewe alipozikwa, shemeji yake Jamleck alimwambia kwa upole kwamba mwanamke asiyejua hata kuandika jina lake atasumbuliwa bure na mambo ya shamba, aachie wanaume, ni kwa faida yake. Alitoka huko na mtoto mgongoni na sufuria mbili. Toka siku hiyo, mtu akimwambia jambo ni kwa faida yake, Rahab hutazama kwanza mlango uko wapi.

Jumatatu mwalimu mkuu, Ndegwa, aliingia jikoni. Hakuwa na kawaida hiyo, maana moshi ulimharibia suti.

"Mama Shiru, habari ya moshi?"

"Ni ule ule, mwalimu."

"Kesho tuko na hii mtihani ya zoni. Huyu msichana wetu mwache apumzike nyumbani. Arudi keshokutwa."

"Kwani ni mgonjwa?"

"Si ugonjwa. Unajua vile alikosa masomo wakati wa mafuriko. Hawa watoto wa Kihoto wametujaza, na wastani imeanguka. Tulikuwa wa pili zoni nzima, mama. Saa hii tunachekwa."

"Na wasiofanya mtihani?"

Ndegwa alikohoa. "Hao watarudishwa Gredi ya Tano. Hata yeye itamsaidia. Ni kwa faida yake."

Rahab akatazama mlango. Kisha akatazama magunia ya mahindi na maharagwe yaliyopangwa ukutani. Watu wa misaada walipoyaleta, Ndegwa huyu huyu aliwasimamisha watoto wa Kihoto mstari wa mbele, akapita akiwashika vichwa na kusema, tazameni watoto wetu. Shule nzima ilikuwa ikila kwa jina la hao.

"Siku ya maharagwe walikuwa watoto wetu, mwalimu."

Ndegwa alipangusa jivu begani. "Hii kazi ya jikoni ina watu wengi wanaitaka," akasema, akatoka.

Jioni Shiru alikuwa akichonga penseli kwa wembe. Mama yake alipomweleza, hakushangaa. Darasani walikuwa wameshaambiwa.

"Wacha tu, mami. Nitashusha shule."

"Shule si sufuria ishushwe na mtoto. Chonga hiyo penseli."

Lakini usiku Rahab alilala vibaya. Mtihani ukija, madawati yote hutolewa uwanjani na kutawanywa, mtoto mmoja mbali na mwenzake, wasichunguliane. Kila mtoto hubeba la kwake. Asiye na dawati uwanjani hahesabiwi. Na Ndegwa alikuwa ameyafungia stoo madawati ya watoto wa maji, ufunguo uko mfukoni mwake.

Asubuhi wenzake Shiru wa Kihoto hawakuonekana. Wazazi wao walikuwa wametii. Shiru alisimama mlangoni mwa jikoni na sweta yake ya shule, penseli mkononi, akitazama watoto wengine wa darasa lake wakipita na madawati vichwani. Msimamizi wa mtihani kutoka shule nyingine, mwalimu Jepkemei, alikuwa ameshafika na bahasha zake.

Rahab alivuta meza ya kukatia kabeji. Akaimwagia maji, akaisugua, akaipangusa kwa kanga yake.

"Shika huko," alimwambia Shiru.

"Mami, watatucheka."

"Wameshacheka. Shika."

Walivuka uwanja mzima na ile meza. Mtoto mmoja akasema, "Hiyo ni hoteli inahama?" na wengine wakacheka kweli. Rahab hakugeuka. Waliitua mwisho wa mstari, na Shiru akaketi juu ya debe la mafuta ya kupikia.

Jepkemei alikuja akihesabu karatasi zake, akasimama mbele yao. "Huyu ni mwanafunzi wa hapa?"

"Muulize mwalimu mkuu," Rahab akasema.

Ndegwa alikuwa ameshafika, uso umemvimba. Shiru alikuwa ameinamisha kichwa, anakwaruza ubao kwa kucha. Rahab alimkazia Ndegwa macho na hakuyaondoa. Kukataa kulikuwa rahisi, neno moja tu, lakini nyuma yake moshi wa jikoni ulikuwa ukipanda, na shule yote ilijua ndani ya sufuria kuna maharagwe ya nani.

"Ni wetu," Ndegwa akasema.

Jepkemei akaweka karatasi mezani, akasonga mbele.

Ndegwa alimfuata Rahab hadi jikoni. Hakupandisha sauti. "Ukimaliza kupakua leo, uache aprona hapo kwa msumari."

"Sawa, mwalimu."

"Na hiyo kabeji utakatia wapi?"

Rahab aliketi chini, akatandika gunia mapajani, akaanza kukata. Alipoinua macho akaona meza kule uwanjani inayumba. Mguu mmoja ulikuwa mfupi toka zamani, na jiwe la kuuinulia lilikuwa limebaki pale pale sakafuni jikoni. Shiru alikuwa akiizuia kwa goti, anaandika huku amejikunja.

Aliokota jiwe, akavuka uwanja tena, watu wote wakimtazama. Jepkemei akasogea kando. Rahab alipiga magoti, akalisukuma jiwe chini ya mguu, akaitikisa meza kidogo. Ikatulia. Karatasi hakuitazama, isingemwambia kitu. Alirudi kwa kabeji yake, maana saa ya chakula ilikuwa inakaribia na githeri ilikuwa haijaungwa.