Unga wa Muhogo kwenye Jeki ya Nyuma

Kosa langu kubwa la kwanza katika ufundi nililifanya kijijini Makere, na sikulifanya kwa kutojua. Nililifanya kwa kuogopa kuonekana sijui. Nakuandikia wewe, mdogo wangu, unayejifunza haidroliki kwa kutazama video kwenye simu kama nilivyojifunza mimi. Sijawa mzee, nina miaka thelathini na moja tu. Lakini asubuhi ile nikiikumbuka najiona nimeishi siku nyingi, na bado naikumbuka kwa hamu.

Lilikuwa gari la upasuaji wa macho, refu kama basi, lenye kitanda na taa ndani. Likifika kijijini lilishusha jeki nne za haidroliki ili lisimame sawa kama meza, maana daktari hawezi kugusa jicho la mtu gari likiwa limeinama. Fundi wake nilikuwa mimi. Dereva alikuwa Mzee Bigirimana, ambaye wazazi wake walikuja kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni mwa mama yake.

Wagonjwa walikuwa wamejaa barazani pa zahanati. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Bibi Feleshiana, aliyeletwa na mjukuu wake kwa baiskeli. Macho yake yote mawili yalikuwa yamefunga ukungu.

"Mwana wanje, mwanangu," aliniambia akiupapasa mkono wangu, "nina kitukuu wa miezi minne. Ninamjua kwa kilio tu."

Gari lilikuwa lirudi Kibondo jioni ileile, na zamu ya Makere ingekuja tena mwaka unaofuata.

Tuliposhusha jeki, pampu ililia kama inasaga mchanga. Nikafungua tangi, nikaona oili iko chini ya alama, nikajaza mpaka kwenye alama. Hapo ndipo nilipoanza kuharibu. Jeki zikiwa zimeshuka, oili nyingi imo ndani yake, kwa hiyo lazima tangi lionekane pungufu. Daktari akaomba gari lisogezwe kidogo, jua lisimpige machoni. Tukapandisha jeki, oili yote ikarudi, tangi likafurika, ikachuruzika juu ya jeki ya nyuma kushoto.

Mimi nikaona jeki inavuja. Mzee Bigirimana alikuwa barazani akiwatafsiria daktari na vikongwe wa Kiha. Sikumwita. Niliweka magogo chini ya chasisi, nikaifungua jeki mbiombio, nikatoa sili, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke. Ilikuwa nzima! Mdogo wangu, sikuweza kuvumilia kwamba nimefungua kitu kizima bure. Nikaitia mfukoni, nikavika sili mpya kwa kuisukuma na bisibisi, nikafunga, nikapiga kitambaa mpaka ikang'aa.

Tuliposhusha tena, pampu ililia vilevile. Bibi Feleshiana alikuwa amekwisha kulazwa kitandani na kutiwa dawa ya macho wakati muuguzi alipotoka na beseni mkononi.

"Fundi, maji yangu yanakwenda upande mmoja."

Jeki ya nyuma kushoto ilikuwa inashuka, pole pole, na oili imetanda chini. Daktari akachungulia, akasema kama haitasimama kufikia saa sita, watafunga vifaa waondoke.

Mzee Bigirimana akaja, akachuchumaa.

"Umefuta kwanza?"

"Kufuta nini, mzee?"

"Oili, bwana! Au ulitaka ikutajie kwao?"

Akafuta kila mahali, tangi na jeki zote nne. Kisha akaomba unga wa muhogo kwa mama aliyekuwa akiwapikia wagonjwa, akaupaka mkavu juu ya vyuma kama anayempaka mtoto poda.

"Leo mnatupikia jeki?" yule mama akauliza.

"Ugali wa jeki, mama. Mboga utaleta wewe."

Watu barazani wakacheka. Tukangoja. Unga ulikaa mweupe kwenye jeki tatu. Kwenye ile niliyoifungua, ukalowa shingoni, ukageuka kahawia. Mzee akashika mpira unaovuta oili kutoka tangini, akaonyesha kwa kidole klempu, ule mkanda wa chuma unaoubana, iliyolegea.

"Kelele ni hii tu. Inavuta hewa." Tukaegemeza gari kwenye magogo, akaifungua ile jeki, akatoa sili. "Lakini sili hii ni mpya, na imechanika mdomo. Ya zamani iko wapi?"

Ningeweza kusema nimeitupa chooni. Neno lilishafika mdomoni. Kisha nikamsikia Bibi Feleshiana humo ndani akimwuliza muuguzi, "Ndiyo tunaondoka?"

Nikaitoa mfukoni. "Ilikuwa nzima, mzee. Niliifungua bure, nikaona haya."

Hakunigombeza kwa sauti. Alisema, "Haya yako yamelala na bibi wa watu kitandani. Ioshe. Tuirudishe. Buhoro, pole pole."

Safari hii hatukutumia bisibisi, tulitumia vidole na oili kidogo. Tukakaza klempu, tukapunguza oili ya tangini, tukapaka unga tena. Ulibaki mweupe. Saa sita haijafika, maji ya beseni yakatulia, na mlango ukafungwa.

Bibi aliondoka na kitambaa jichoni. Wiki ya pili mjukuu wake alimpigia Mzee simu: bibi anasema kitukuu ana masikio ya marehemu mumewe, na amemtazama mpaka mtoto amechoka kutazamwa.

Mzee Bigirimana amestaafu, analima Busunzu. Kila nikisikia pampu inalia ninamkumbuka akichuchumaa, unga mpaka kwenye nyusi.

Basi, mdogo wangu, pima oili jeki zikiwa juu. Ukiona imemwagika, ifute, ungoje uone inatokea wapi, ndipo ushike spana. Ukifungua kitu kizima, sema mapema, kabla mtu mwingine hajalipia aibu yako. Mungu akutulizie mikono, akupe na wa kukuuliza kama umefuta.

Mimi bado nina wasiwasi, na bado narudia kazi mara tatu. Ila siku hizi kwenye sanduku langu kuna kopo la unga wa muhogo, na sili ninayoitoa naiweka juu ya meza, kila mtu aione.