Ua Niliomwaga Mara Mbili

Mwezi wa tatu, mvua ikiwa bado haijakata, mama mwenye shamba alinipigia simu akaniambia lori limezama katika ua wake. Hakupandisha sauti. Alisema tu nije nione, akakata.

Nilipanda baiskeli kutoka kambini kwetu, sisi tuliovuka ziwa kutoka Kongo, nikashika njia ya Kabuta nikipishana na wauza samaki wanaopeleka mizigo yao bara. Nilipofika, lori lilikuwa limeshavutwa na kuondoka. Kwenye kona ya kushoto, pale malori yanapogeukia kabla ya kurudi kinyumenyume hadi mlango wa ghala, sakafu ya zege ilikuwa imevunjika vipande vinne. Kimoja kilikuwa kimeinuka upande, na matope meusi yalikuwa yamechuruzika kutoka chini yake. Ilikuwa kazi yangu. Niliimaliza mwaka uliotangulia, mwishoni mwa kiangazi.

Mama huyo ni mjane, mtu wa hapa hapa Nchelenge, upande huu wa ziwa. Kiswahili alikipata ng'ambo ya ziwa, zamani akinunua samaki, na ndicho tulichozungumza, tukiazima Kibemba pale tulipokwama. Ana ghala la mahindi na mihogo mikavu, na wanunuzi huja kuchukua kwa malori makubwa. Kabla ya zege, kila mvua malori yalikuwa yanakwama uani, na watu wake wanabeba magunia kichwani mpaka barabarani. Ndiyo maana alinitafuta. Kwetu nilikuwa muashi kwa miaka mingi. Zege sisi tunaliita beto, na beto ndiyo iliyokula mabega yangu.

Akaniuliza tufanyeje. Nikamjibu tungoje mvua ikate, kisha nitavunja kona yote na kuimwaga upya. Saruji atanunua yeye, nguvu zitakuwa zangu. Akakubali. Hakuuliza kwa nini imevunjika, nami sikusema.

Lakini nilijua. Siku tulipoanza kuchimba mara ya kwanza, jembe lilizama katika kona ile kirahisi kuliko kwingine, na udongo ulitoka mweusi, unanata, una harufu ya kinamasi. Mahali kama pale unachimba mpaka ukute udongo mgumu, unajaza mawe, unashindilia, unaongeza changarawe nyekundu, unashindilia tena. Ni kazi ya siku tatu au nne zaidi. Wiki ile mke wangu alikuwa na malaria, shamba letu la mihogo lilikuwa limeliwa na majani, na siku iliyotangulia nilishinda kwenye foleni ya chakula kambini. Mgongo ulikuwa unaniuma hata nikikaa. Nikatupa mawe machache, nikafunika kwa changarawe, nikasawazisha. Juu yake tukamwaga zege unene wa shubiri, sawa na kwingine, likapendeza machoni.

Nilipotoka kuona ile kona iliyovunjika nilimwambia mke wangu yote. Alinisikiliza huku akimenya mihogo, hakusimamisha kisu.

"Mawe nitaponda," akasema. "Lakini maneno yako utasema weye mwenyewe."

Tulianza mwezi wa tano, ardhi ilipokauka. Uchungu wa kazi ile ni kwamba zege lenyewe halikuwa na kosa. Nilikuwa nimelichanganya vizuri, mchanga wa mto uliooshwa, maji kwa kipimo, na sasa lilikuwa gumu kama linavyotakiwa. Kila pigo la nyundo lilinirudia mabegani. Siku ya kwanza, toka asubuhi mpaka jua kugeuka, nilivunja sehemu isiyozidi ukubwa wa kitanda. Jioni sikuweza kushika usukani wa baiskeli sawasawa, mke wangu akaisukuma yeye. Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo, ila na kikohozi cha vumbi. Mke wangu alikaa kivulini mwa ghala akiponda vile vipande viwe vidogo, maana tulitaka kuvitupa chini pamoja na mawe.

Siku ya tatu mama mwenye shamba alikuja na maji na viazi vitamu. Aliweka sahani, akasimama kutazama shimo. Nikaona mke wangu ameacha kuponda. Nikalaza nyundo chini.

"Bamayo," nikamwambia, kama watu wa huku wanavyomwita mama wa kuheshimiwa, "ile mahali nilijuaka kama iko na maji chini. Nilichoka, njo maana nikanyamaza."

Kuku walikuwa wanaparura kwenye kifusi. Kisha akaniambia kwamba mnunuzi wake mkubwa, tangu dereva alipokwama, amehamia kwa mtu mwingine, na magunia yaliyobaki ghalani yameanza kupata wadudu. Alisema hayo kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

"Mimi pia nilijuaka," akaendelea. "Marehemu bwana yangu alipandaka migomba pale, sababu maji haikauke. Nikasema, fundi ni yeye, anajua kazi yake." Akafunika sahani kwa kitambaa ili nzi wasiingie. "Weye ulichoka, sawa. Lakini mimi nilikutumaini."

Akarudi ndani. Nilitamani angefoka. Mke wangu akaokota nyundo yake ndogo, akaanza tena kuponda.

Nilichimba mpaka kiunoni. Yale matope hayakubali koleo, yanalishika, na kila nikiinua ni kama naling'oa. Siku ya tano nilifikia udongo mwekundu mgumu. Nikakata mfereji kutoka shimoni kwenda bondeni ili maji yapate njia, tukajaza mawe na vipande vya sakafu ya zamani, tukashindilia kwa gogo, mimi upande huu na mke wangu upande ule, tabaka kwa tabaka, mpaka gogo likawa linaruka badala ya kuzama.

Siku ya kumwaga walikuja wanaume watatu wa kambini. Tulitandika nondo, tukaziinua kwa vijiwe zisilale chini, tukapanga mbao kwa mteremko kidogo kuelekea mferejini. Zege likiisha kuchanganywa halingoji mtu apumzike. Saruji ilinichoma vidole kwenye nyufa za ngozi. Mwisho nikalipitishia ufagio mgumu, ili matairi yapate pa kushika wakati wa mvua, nikalifunika kwa magunia mabichi.

Wiki mbili nilikwenda kila siku kuyamwagia maji magunia yale. Watu hudhani zege linataka kukauka. Linataka kukaa na unyevu likomae polepole. Mama mwenye shamba aliweka gogo langoni, na madereva wawili waliotaka kuingia aliwarudisha barabarani kwa Kibemba kikali. Kwa mwezi mzima hakuruhusu hata mkokoteni.

Lori la kwanza lilipoingia, nilikuwepo. Liligeuka kwenye kona likiwa tupu, likapakia, likatoka zito, magurudumu yote ya nyuma yakipita pale pale. Nilipiga magoti nikakagua. Hapakuwa na ufa. Nilidhani nitafurahi, lakini nilichotaka ni kulala tu. Mama mwenye shamba alinishukuru, akampa mke wangu gunia la mihogo mikavu, akasema kukiwa na kazi nyingine ataniita.

Misimu miwili ya mvua imepita tangu hapo, na kona imekaa. Yule mnunuzi alirudi msimu uliofuata. Mwaka jana mama alijenga ghala la pili, sakafu yake ikamwagwa na fundi kutoka mjini. Tukikutana sokoni ananiuliza habari za mke wangu na watoto, nami ninamuuliza za nyumbani kwake. Habari za ghala simuulizi.