Nani Atabaki na Kiwanja

Wenzangu niliomaliza nao sekondari walichagua chuo kwa kuuliza maswali ya watu waliotulia: walimu wakoje, hosteli ikoje, ukimaliza unaajiriwa wapi. Mimi nilikuwa na swali moja tu, na hakuna tovuti ya chuo iliyolijibu. Nikiondoka, nani atabaki na kiwanja?

Kiwanja chenyewe kiko New Site, mtaa wa hapa Juba. Baba alikipata tuliporudi kutoka uhamishoni Uganda, akakizungushia mabati, akajenga chumba kimoja na rakuba, kile kibanda cha nguzo na turubai ambacho karibu kila nyumba huku inacho. Kabla hajajenga chumba cha pili akaugua. Tulimrudisha Uganda kwa matibabu, akafia huko na kuzikwa huko huko. Tukabaki mama na mimi. Mama anauza samaki wakavu kwenye soko la Konyo Konyo, wale wanaoshushwa bandarini kutoka kwenye matishari ya mtoni, kwa hiyo mchana kutwa hayupo. Mimi nilikuwa nakaa. Na Juba kukaa ni kazi, tena kazi ngumu, kwa sababu kiwanja kisicho na mtu kina wenyewe wengi. Unakwenda msibani, unarudi unakuta nguzo zimesimama ndani ya uzio wako, turubai juu, na mwanamke usiyemjua anakoroga uji. Ukimuuliza anakuuliza wewe ni nani. Hapo umeshaingia kwenye kesi ambayo hujui utatoka lini, na nyuma ya yule mwanamke kwa kawaida kuna mwanamume mwenye bunduki.

Nilitaka kusoma mipango miji kwa hasira. Sioni haya kusema hivyo. Mtaa wetu ulipimwa, barabara zikachorwa vizuri tu, halafu kila mtu akasogeza mabati yake kidogo, na mwenzake kidogo, mpaka njia ya nyuma yetu ikawa ya mtu mmoja na mbuzi wake. Jirani aliposhikwa na uchungu, gari lilikwama kule mbele, tukambeba kwenye kiti cha plastiki huku akitutukana sote. Mtoto alizaliwa salama. Mimi ile njia sijaisamehe mpaka leo.

Intaneti nilikuwa naipata kwa mama mmoja Mganda mwenye kioski ng'ambo ya barabara. Aliniruhusu kuchaji simu kwake na kutumia mtandao wake, mradi nikae mahali ambapo naliona geti letu. Siku nilipomwambia ninachotafuta, alicheka mpaka akashika kaunta.

"Wewe nataka kupanga mji? Mji gani, hii? Anza na hii maji ya mvua. Kila siku naingia kwa duka yangu."

Lakini alisogeza kiti akaangalia pamoja nami. Kulikuwa na chuo kimoja Dar es Salaam chenye shahada kamili ya mipango ya miji na mikoa. Nilisoma orodha ya masomo yao kama mtu mwenye njaa anavyosoma ubao wa hoteli: upimaji, sheria za ardhi, makazi yasiyopangwa, kazi za mtaani kila mwaka. Nilitaka kile chuo mpaka kifua kikaniuma. Kampala nako kulikuwa na shahada kama hiyo, nayo nzuri, ila moyo wangu ulikuwa umeshahamia Dar. Niliomba vyote viwili. Kanisa letu lilikuwa limeahidi kunilipia ada popote nitakapopata nafasi. Nikapata vyote viwili. Dar walitaka jibu mapema.

Habari za nafasi zilimfikia baba mdogo kabla hata hatujamwambia. Alikuja kwa boda boda, ameshika soda za kutupongeza.

"Nenda ukasome, binti yangu," akaniambia. "Kiwanja kisikusumbue kichwa. Nitamleta shemeji yangu akae hapa, nyumba isibaki bure."

Mama alimshukuru kweli kweli, akamsindikiza hadi barabarani kwa heshima zote za shemeji. Aliporudi uso ulikuwa umekunjamana. Kiswahili cha mama ni cha sokoni, alijifunzia Uganda, na akikasirika anakichanganya na Kiarabu cha Juba.

"Ule mtu yake akiingia hapa, kalas, imeisha," alisema. "Hata Mungu hawezi toa yeye."

Wiki hiyo hiyo mama alivimba miguu. Presha anayo siku nyingi, dawa anameza akikumbuka. Nikamlazimisha aniruhusu nimpelekee mzigo wa samaki sokoni, yeye akapitie kliniki. Mama wa kioski akasema ataangalia geti. Nilikabidhi samaki, nikageuka pale pale.

Nilikuta wanaume watatu ndani ya uzio wetu. Wamechimba mashimo ya nguzo mstari mzima, na wamenyoosha kamba vizuri, vizuri kuliko mtaa wetu wote ulivyonyooka. Mama wa kioski alikuwa kwenye geti anawapigia kelele, nao wanaendelea kama vile kelele ni za redio. Sikujua nani kawatuma. Sikuwa na nguvu ya kumsukuma mtu. Nilikimbia nikaingiza miguu yangu kwenye shimo lililokuwa linangoja nguzo, nikakaa.

"Ya biniya, wewe msichana, inuka," akasema aliyeshika chepe.

"Siinuki. Nifukieni na nguzo yenu."

Walicheka. Mchanga ulikuwa unaniingia kwenye viatu. Mama wa kioski akachukua kifuniko cha sufuria akaanza kukipiga kwa mwiko, watu wakatoka majumbani wakajaa getini. Hapo wakakusanya vifaa vyao. Yule mkubwa wao hakuwa hata na hasira. Aliinama akaniambia kwa upole, kama mtu anayemshauri mdogo wake: "Tutarudi. Kuna siku hutakuwepo."

Angenitukana ingekuwa nafuu.

Mama alipofika alinikuta nafukia mashimo kwa mikono. Nikamwambia yote, na nikamwambia sisomi tena. Nitakaa. Nitazeekea hapo kwenye rakuba nikilinda mchanga. Niliyasema hayo kwa makelele na kwa machozi, nikiamini kila neno. Sikuona njia. Mtu wa kunielewa alikuwa mmoja tu duniani, na ndiye niliyekuwa naogopa kumwacha.

Mama alikaa chini, akanyoosha ile miguu yake.

"Soko mimi naacha," akasema. "Mimi iko hapa asubuhi mpaka jioni. Nitauza samaki hapa hapa kwa geti. Wewe enda."

"Na ukiugua?"

"Nikiugua, nitaugua hapa."

"Na ukifa, mama?"

Lilinitoka kabla sijalizuia. Hakushtuka. Nadhani alikuwa ameshalifikiria, tena zamani, pengine tangu tulipomwacha baba kwenye ardhi ya watu.

"Nikikufa, zika mimi hapa," alisema. "Angalia ile nyumba ya mzee kule nyuma. Wanazika yeye ndani ya ploti, watoto yake yote naenda Khartoum, nani nagusa? Mafi, hakuna. Hakuna mtu najenga juu ya kaburi." Akainua mkono akaonyesha kona iliyo karibu na barabara. "Si katikati. Hapo. Mtu akipita aone. Halafu wewe nasoma mpaka namaliza, bila wasiwasi."

Katika masomo niliyokuwa nayataka, kaburi ndani ya kiwanja cha makazi ni kitu cha kuondolewa. Nililijua hilo, nilikuwa nimelisoma kwenye simu. Na mama yangu alikuwa amekaa mchangani ananipangia mji wake, anachagua kona, ametulia kuliko nilivyowahi kumwona tangu tumzike baba. Nilimkumbatia nikalia kwa sauti, naye akanipigapiga mgongoni na kuniambia nisimchafue, ametoka kliniki.

Asubuhi yake nilivuka barabara nikakaa kwenye kiti changu pale kioskini, nikawaandikia watu wa Dar kwamba nawashukuru lakini sitakuja. Mama wa kioski alisoma juu ya bega langu akasema nina wazimu.

Wanaoniuliza kwa nini nilichagua Kampala huwa nawaambia ni chuo kizuri, na ni kweli. Ila Juba ni joto, na kwetu maiti hailazwi zaidi ya usiku mmoja. Kutoka Dar ningekuta wameshamfukia mama. Kutoka Kampala nikipata basi siku hiyo hiyo, naweza kuwahi.