Mchezaji Aliyesimama Katikati

Mwaka wa 1999 Helen alikuwa fundi wa redio mjini Migori, mlango wa pili kutoka kwenye cherehani yangu. Fundi hodari, lakini kiburi! Kifaa cha kupimia umeme hakuwa nacho wala hakukitaka. Rezista, vile vijipande vinavyopunguza nguvu za umeme ndani ya redio, alizitambua kwa mistari yake ya rangi. "Macho yangu ndiyo tester," alikuwa akitutambia.

Mdogo wake, Gisiri, alipoteza vidole mgodini Osiri, baruti ilipolipuka kabla ya wakati. Mkono wa kulia haukubaki na hata kimoja. Zamani hakuna aliyemfunga kwenye mpira wa video, ule wa kuchezwa kwenye televisheni, kibandani kwa jirani yetu Momanyi. Sasa alikuwa na miezi saba chumbani, amegeukia ukuta. Nilimpelekea uji siku moja, nikarudi nikilia barabarani bila haya.

Helen akaomba kwa Momanyi padi mbovu, kile kifaa cha mkononi cha kuchezea. Akavitoa vijiti vyake viwili vya kumwongoza mchezaji, vilivyovunjika, akaunga nyaya hadi kwenye kisanduku cha mbao chenye vitufe vya kengele za mlango, vikubwa, vya kubonyezwa kwa kiganja. Tulipokijaribu, mchezaji wa kwenye skrini alikimbia mwenyewe hadi kwenye kona, akaganda huko.

"Bila vijiti, mashine haijui katikati ni wapi," Helen akasema. "Inataka rezista mbili sawa, moja ivute huku, nyingine kule." Kila kijiti kina njia mbili, juu-chini na kushoto-kulia, kwa hiyo kwa vijiti viwili alihitaji nane. Akazinyofoa kwenye redio kuukuu, akazichagua kwa macho, akazilehemu kwa chuma alichokipasha moto kwenye jiko la makaa.

Kesho yake Gisiri akakubali kuja kibandani kwa Momanyi, mikono ameificha ndani ya leso. Mchezaji akaanza kuteleza kushoto, polepole, bila kuguswa.

"Hata hii imenikataa, dada." Akainuka.

Nikajiweka mlangoni na unene wangu wote. "Ukitaka kutoka, utanikanyaga kwanza!"

Helen alikuwa ameshatoka mbio. Alikwenda kwa Onyancha, fundi mwenzake ambaye walikuwa hawasalimiani mwaka wa pili huo. "Onyancha, ndugu yangu, nisaidie tester," alimwambia, na Onyancha akampa. Helen akarudi, akazipima zote nane. Moja ilikuwa na mstari mwekundu uliobabuka kwa joto hadi ukafanana na rangi ya chungwa. Jicho lake lilikuwa limemdanganya kuhusu kiwango chake, na alikiri mbele yetu sote. Akaweka nyingine, baada ya kuipima kwanza.

Tukawasha tena. Mchezaji alisimama katikati ya uwanja, tuli.

"Mbona hasongi?" Gisiri akauliza.

"Anakungoja wewe," Helen akasema.

Gisiri akaketi. Akaitoa mikono ndani ya leso mbele ya watu, akaiweka juu ya kisanduku.

"Momanyi," akasema, "kuja ukae hapa. Leo utalia."