Immaculata na Ng'ombe wa Mteja Wake

Immaculata alipoamua kuwaandikia watu hesabu za biashara kwa malipo, alizunguka soko la Mpanda na stashahada yake ya uhasibu ndani ya bahasha, akaambulia soda na ahadi. Watu walimpa kiti, wakamsifu, kisha wakamwambia arudi siku nyingine. Aliyemkubali wa kwanza alikuwa Manyanda, mzee wa Kisukuma mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Nsemulwa.

Manyanda hakumficha kitu. Alimtobolea hata habari za ng'ombe wake, kwa kuwa mashine ikiharibika huuza mmoja, na fedha hizo lazima ziandikwe. Alikuwa amewatawanya kwenye mazizi ya marafiki huko Litapunga, ili ndugu wasijue ana wangapi.

"Kila rafiki anajua wake tu. Hili lote tunalijua mimi, wewe na kijana wangu Elias anayewazungukia," alisema. "Likitoka, nimekwisha."

Mteja wa pili ndiye aliyemponza. Malale, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alimtazama juu chini, akamuuliza kama amewahi kushika hesabu za mtu wa maana. Binti wa watu mdomo ukamponyoka.

"Mzee Manyanda ni mteja wangu! Nyie mnamwona na mashine moja tu, kumbe ng'ombe wake wamejaa Litapunga."

Malale alicheka, akampa kazi palepale. Immaculata alirudi nyumbani akiimba.

Haikupita wiki, maneno yakamfikia kaka yake Manyanda, naye akatua Nsemulwa na wazee wawili, kudai ng'ombe wa mahari ya mwanawe. "Ulituambia huna hata ndama," alisema. Manyanda aliwatoa ng'ombe hao, maana ukoo ukishajua, huna pa kukimbilia. Kisha akamfukuza Elias, kijana aliyekuwa amemlea mwenyewe tangu utoto, akidhani ndiye aliyetoboa siri. Elias alibeba godoro lake, akapanda treni ya Kaliua.

Immaculata aliambiwa hayo yote akiwa mezani kwa Manyanda, kalamu mkononi, na akaendelea kuandika. Wateja walikuwa wawili tu, na kodi ya chumba ilikaribia. Alijiambia atasema kesho. Kesho hiyo aliisogeza na kuisogeza, huku nafsi ikimsuta kila alipoliona benchi tupu nyuma ya mashine, ambako Elias alikuwa akikaa kunywa uji.

Jumamosi moja Manyanda alimwita. Alikuwa na Bernadetha, mwenye nyumba ya wageni, aliyetafuta mtu wa hesabu.

"Mchukue huyu binti," Manyanda alisema. "Elias nimemlea, akaniuza. Huyu tumejuana juzi tu, na hajatoa siri yangu hata moja."

Uso ulimwaka Immaculata kwa aibu.

"Mzee, mimi ndiye niliyesema. Nilimwambia Malale ili anipe kazi. Elias hakusema kitu."

Bernadetha alichukua mkoba wake, akatoka bila kuaga. Manyanda hakufoka, heri angefoka. Alitoa simu, akampigia Elias. Hakupatikana. Akapiga tena. Kisha akaisukuma ile simu mezani mpaka mbele ya Immaculata.

"Endelea kupiga wewe," alisema. "Akipokea, umwambie kwa mdomo huohuo."